Mtoto wa Pangoni

"Huyo jirani yako ameua mtoto," Mama Redio aliniambia, huku akikamua shuka.

Nilikuwa na vibanio viwili vya nguo mdomoni. Nilivitoa taratibu, nikavishika mkononi.

"Mtoto wa nani?"

"Wa sokwe," akasema, na hakucheka.

Mama Redio anakaa chumba cha kwanza, ukiingia tu getini, na dirisha lake linatazama njia. Habari zote zinapita kwake kabla hazijafika kwetu wa vyumba vya nyuma, na zikishapita kwake zinakuwa zimenenepa kidogo. Siku hiyo, Jumanne, alisema watu walitoka ukumbi wa video wamenuna kama wanaotoka mazikoni. Fundi seremala alilipiga teke benchi ambalo alilitengeneza mwenyewe, sasa anachechemea. Sehemu ya pili ya filamu ya masokwe, iliyosubiriwa miaka mitatu, ilikuwa imetoka, na mtoto hayumo.

"Hata kutajwa hakutajwa," alisema. "Sehemu ya kwanza alilia, wote tulimsikia kwa masikio yetu. Sasa amekwenda wapi, ameota mabawa? Huyo bwana amekata kipande. Wanasema amekificha, anampelekea mwenye ukumbi mwingine."

"Labda filamu yenyewe ndiyo ilivyo."

"Mama Chiriku, wewe ni mpole mno. Filamu haiwezi kusahau mtoto. Mimi nina wanangu sita na sijawahi kusahau hata mmoja sokoni. Baba yao nilishamsahau, ndiyo. Lakini mtoto, hapana."

Nilicheka kwa sababu ilibidi nicheke. Kisha nikaanika gauni la mwanangu, nikalianua, nikalianika tena upande uleule. Mikono ilikataa kutulia. Mimi nilikuwa najua mtoto huyo yuko wapi. Alikuwa ameketi miguuni pangu, anajaza vibanio ndani ya kiatu cha baba yake.

Jirani anayesemwa, watu wanamwita Bwana Sauti. Kazi yake ni kuingiza maneno yetu kwenye filamu za wageni. Anaitazama filamu kwanza peke yake, mara nyingi, mpaka anajua mlango upi utafungwa na nani. Halafu anakaa mbele ya kipaza sauti na kusema yote mwanzo hadi mwisho: mzee, msichana, polisi, mbwa. Kila mtu na kicheko chake. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta wa mbao uliobandikwa karatasi. Upande wake amesimamisha godoro kuukuu ili limeze kelele, lakini nadhani godoro lenyewe limeshashiba. Nimetishiwa bastola mara nyingi sana nikiwa nachambua mchele.

Ukimwona huwezi kudhani ndiye. Ni mrefu, mwembamba, shati amelifunga hadi kifungo cha juu hata jua liwe kali namna gani, na akiwa mbali na kipaza sauti anaongea kwa sauti ndogo, kama mtu anayeitumia kwa kuipima. Hana mke. Zamani alitangaza sumu ya panya sokoni. Mama Redio anasema panya walikuwa wanatoka wenyewe kumsikiliza.

Filamu ya masokwe ndiyo iliyompa jina. Ni masokwe waliofungiwa na wataalamu, wakachomwa sindano za kila namna mpaka akili zao zikawazidi waliowachoma. Wakatoroka, wakajenga mji mlimani, wakawa na sheria, na shule, na hata wambea. Kiongozi wao amekatwa kidole. Bwana Sauti akamwita Mzee Kidole, akampa sauti ya mtu aliyelala vibaya shingo. Mke wa kiongozi akamwita Mama Pango, maana mwishoni, wanadamu wanapoupiga mlima kwa mizinga, yeye anaingia pangoni, jiwe linaviringishwa mlangoni, na picha inakuwa nyeusi tupu. Katika weusi ule analia mtoto. Kisha mwanamke ananong'ona, "Nyamaza mama, nyamaza." Kisha Bwana Sauti anasema kwa sauti yake ya msimulizi: "Mama Pango hakuingia peke yake. Gizani anambembeleza bintiye, na binti huyo ndiye atakayeurudisha mlima." Hapo filamu inaisha.

Mtaa ulikosa raha tangu siku hiyo. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, kazini kwa watu, habari ikawa ni mtoto wa pangoni. Kwamba ni wa kike hakuna aliyebisha, kwani ameitwa mama, na nani anambembeleza mwanawe wa kiume kwa kumwita mama? Wengine walibishana anakula nini humo ndani. Fundi seremala alisema anakula mizizi. Mume wangu, ambaye anafanya kazi kiwanda cha magodoro na ni mtu wa kufikiri sana mambo yasiyo yake, alisema ananyonya, watu wanajitia kusahau kwamba mama yake yupo. Walinuniana kwa wiki nzima.

Sasa niseme nilichokaa nacho. Kilio kile ni cha Chiriku, mwanangu.

Alikuwa na miezi minne, gesi inamsumbua tumboni, analia kwa sauti kali ya juu kama ndege, ndiyo maana akaitwa hivyo. Bwana Sauti na mimi tulikuwa na mapatano. Kabla hajaanza kurekodi anagonga ukuta mara tatu, na mimi nambeba mtoto natoka naye hadi bombani mpaka amalize. Siku ile aligonga. Nilisikia, nikasema moyoni sasa nanyanyuka, na nikalala palepale nilipoketi, nimeegemea ndoo ya nguo. Niliamshwa na kilio. Nikamkumbatia, nikamwambia nyamaza mama, nyamaza, na upande wa pili nikasikia Bwana Sauti anaendelea na maneno yake, hata hakukwama. Nikajua kuna kitu kimeharibika ila sikujua ni nini.

Nilikijua ukumbini. Mume wangu alinipeleka, mtoto nikamwacha kwa Mama Redio. Picha ilipokuwa nyeusi na kile kilio kikatoka kwenye spika, maziwa yalianza kunitoka yenyewe, yakalowesha blauzi yangu mpaka tumboni. Mwili ulitambua kabla yangu. Halafu nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kama ya mtu wa kwenye mlima, ikisema nyamaza mama. Mume wangu aliketi kando yangu mdomo wazi. Hakunitambua. Nilikunja mikono kifuani, nikatoka naye hivyohivyo hadi nyumbani.

Sikusema. Bwana Sauti naye hakusema. Miaka mitatu tukikutana bombani ananisalimia huku ameitazama ndoo.

Basi Jumatano, siku moja baada ya maneno ya Mama Redio, Mwenye Ukumbi alikuja mwenyewe. Ni mtu mnene, mtulivu, anatembea na funguo nyingi mkononi na kuzihesabu kwa kidole gumba anapoongea. Alisimama uani, mlangoni kwa Bwana Sauti, nami nilikuwa chini ya dirisha langu nasugua sufuria. Chiriku alikuwa ananisaidia, yaani anamwaga maji.

"Watu wameninunia," alisema Mwenye Ukumbi. "Jana nilikuwa na mabenchi matupu. Wamekuja watu tisa, na wote tisa wamekuja kulalamika."

"Mtoto hayumo kwenye picha, mzee," Bwana Sauti alimjibu. "Nimeitazama mara kumi na mbili. Miaka kumi imepita, jiwe linafunguliwa, Mama Pango anatoka peke yake, basi."

"Sijakuuliza picha. Nakuuliza sauti. Ya kwanza picha ilikuwa nyeusi, na mtoto alisikika. Sasa mfanye asikike."

"Yuko wapi?"

"Hiyo ni kazi yako, wewe ndiye unayejua kuongea." Funguo zikalia. "Jumamosi alasiri naionyesha tena. Nimeshatangaza kwamba mtoto atapatikana. Asipopatikana, kipaza sauti changu nakichukua, kuna mtu yuko tayari kukikalia."

Alipoondoka, alimpapasa Chiriku kichwani, akasema, "Hujambo, kidosho," na Chiriku akammwagia maji kwenye kiatu.

Mchana huo Bwana Sauti alianza kulia.

Nasema kulia kwa sababu sina neno jingine. Kupitia ukutani nilimsikia anajaribu: ngaa, ngaa, anasimama, anatembea hatua nne, hatua nne nyingine, anarudi, ngaa. Mtu anayeweza kuwa polisi na mbwa wa polisi kwa pumzi moja, kilio cha mtoto kilimshinda. Kilitoka kama paka aliyekanyagwa. Chiriku aliacha kuchezea kijiko chake akasikiliza kwa makini.

"Mama, mjomba analia."

"Anafanya kazi."

"Anafanya vibaya," akasema, na akamjibu kupitia ukutani, ngaa moja safi, ya dharau. Upande wa pili pakawa kimya. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu. Tulikaa hivyo, mimi na yeye na ule ukimya, mpaka nyayo zikaanza tena, nne kwenda, nne kurudi.

Hata mimi sikukaa chini wiki ile. Nilifagia pasipo na taka. Nilikunja nguo, nikazikunjua. Uji ulinifurikia nikiwa nimesimama mbele yake nautazama. Mume wangu alirudi kutoka kiwandani na nyuzi za magodoro kwenye nywele, na kabla hajavua viatu alishaanza.

"Tuseme wewe ndiye umezaa," aliniambia. "Umekaa pangoni na mwanao miaka kumi. Jiwe linafunguliwa. Unatoka, unapangusa vumbi, unakwenda zako, hugeuki hata kutazama nyuma. Inakuingia akilini?"

"Hainiingii."

"Umeona? Ndiyo maana nasema kuna kitu tumefichwa. Na huyu tunaishi naye ukuta mmoja." Akaupiga ukuta kofi dogo, la kirafiki, lakini kofi. "Nitamwuliza. Kwa heshima, lakini nitamwuliza."

Wakati huo Chiriku aliteleza kwenye maji ya uji, akaangukia kiwiko, akaangua kilio. Nikamnyanyua bila kufikiri. "Nyamaza mama," nikamwambia, "nyamaza."

Mume wangu aliinua kichwa. Alinitazama, akamtazama mtoto, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa kama mtu aliyepita dukani akasahau alichofuata. Halafu akainama akafungua kamba za kiatu cha pili.

"Huo uji utaungua," akasema.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Bwana Sauti bombani. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo na kifungo cha juu kilikuwa wazi. Kwa mtu mwingine hilo si jambo, kwake yeye ilikuwa kama kukutana naye kifua wazi.

"Za humo ndani, Mama Chiriku?"

"Salama. Za kwako?"

"Za kwangu unazisikia mwenyewe. Ule si ukuta, ni pazia."

Ndoo yangu ilikuwa imefika nusu. Sijui mdomo niliupata wapi. Nikamwuliza, "Kwa nini hukurudia siku ile?"

Hakuuliza siku ipi.

"Huwa sirudii," alisema. "Nikirudia moto unazima, maneno yanakuwa kama chakula cha jana." Akaitazama ndoo kama kawaida yake, halafu kwa mara ya kwanza akanitazama mimi. "Na kuna jambo jingine. Mama yangu alipoteza macho nikiwa darasa la nne. Jirani yetu alikuwa na televisheni, tukawa tunakaa mlangoni kwao, mimi namwambia kinachopita. Yeye kila sauti aliitaka iwe na mwenyewe. Kikipasuka kitu ananigusa goti: nini hicho? Nikisema sijui, anakosa raha hata kesho yake hajasahau. Basi nikajizoeza kutosema sijui. Mlango ukigongwa nampa mtu wa kuugonga. Amekufa zamani, lakini goti hili bado linaguswa. Chiriku alipolia, nilishtuka nimeshampa mama."

"Mama alikuwa naye," nilisema. "Ni mimi."

Alicheka. Kicheko chake mwenyewe sikuwa nimewahi kukisikia, kilikuwa kifupi, cha puani.

"Kweli. Na ile nyamaza yako, mimi na kipaza sauti changu hatujawahi kuisema vile." Kicheko kikaisha. "Sasa nifanye nini? Nikisema alikufa, nimemuua mimi. Nikisema yu hai, pango linaonekana lote, tupu, hata kitanda hakuna. Nikaona nikae kimya, watu wamesahau. Kumbe hakuna aliyesahau ila aliyeitengeneza filamu."

"Si ungechukua kilio kile cha zamani ukakiweka tena?"

"Nilijaribu jana. Miaka kumi imepita pangoni, na mtoto bado ana miezi minne. Fundi seremala atanirushia benchi."

Nikaona anamtazama Chiriku, aliyekuwa anachora kwa kijiti kwenye tope. Alimtazama kwa muda mrefu. Niliona ninachokiogopa kinakuja: ataomba mtoto aingie mle chumbani, mbele ya kile chuma, alie. Na mtoto wa miaka mitatu asiyeumwa kitu, unamlizaje? Mtu lazima amlize.

"Siku hizi halii vile," nikasema haraka. "Amekua."

"Najua," alisema. "Namsikia anavyoimba." Akaondoka, akaiacha ndoo yake chini ya bomba, maji yanafurika. Mimi ndiye niliyefunga.

Ijumaa watu walichoka kusubiri, wakaja.

Saa kumi na moja jioni uani kwetu palikuwa pamejaa, jua bado kali, kama watu ishirini hivi, wengine wametoka kazini na makopo yao ya chakula. Fundi seremala alikuwa mbele, mguu umefungwa kitambaa, penseli sikioni. Kinyozi alikuwa amekuja na chupa ya kunyonyeshea.

"Bwana Sauti," aliita, "toa mtoto, anataka maziwa."

"Mwacheni, huenda anambadilisha nepi," mwingine akadakia.

Watu wakacheka. Mlango ukabaki umefungwa. Mimi nilikuwa ndani ya mlango wangu, nimeshika kitasa, nakizungusha na kukirudisha. Nilijua yumo, nilimsikia anapumua upande wa pili wa mbao.

"Si mchezo," fundi seremala alisema. "Huyu bwana alituahidi. Alisema binti ndiye atakayeurudisha mlima. Sasa sehemu ya pili mlima unarudishwa na nani? Na Mzee Kidole, yuleyule, na meno yamemwisha."

"Basi Mzee Kidole ndiye aliyemmeza mtoto," mtu akasema kutoka nyuma.

"Amemeza wangapi? Tuhesabiwe."

Hapo mume wangu aliingia getini. Alipitia katikati ya watu, akasimama kando ya fundi seremala, hasimu wake wa mizizi na maziwa, na wakapeana mikono. Nikaona mambo yameharibika kweli.

"Jirani," mume wangu akasema mbele ya ule mlango, kwa heshima kama alivyoahidi. "Sisi si watu wabaya. Tumekaa na mtoto huyu miaka mitatu. Tueleze tu."

Ndipo nilipomwona Dada Cherehani. Ni yule anayeshona sare za shule kibarazani kwa kinyozi, mwanamke wa makamo, mkimya, futi yake ya kupimia iko shingoni hata siku za mapumziko. Alikuwa amesimama pembeni, karibu na kamba yangu ya nguo. Ana mume mzuri na nyumba nzuri, na mtoto hawakujaliwa, hilo wote tunalijua na hatulisemi. Filamu ile ya kwanza aliitazama mara nyingi kuliko wote. Anapofika ule mwisho mweusi, huwa anafumba macho.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alisema, na watu wakanyamaza kwa sababu hawakuzoea kumsikia. "Ninachotaka ni kuambiwa. Kama alikufa, niambiwe alikufa. Kama alichukuliwa na watu akalelewa vizuri, niambiwe hivyo. Kukaa hivi bila kujua ndiko kunakochosha. Nikiwa kwenye mashine, mguu unakanyaga, nawaza, sasa yule alikwenda wapi."

Kinyozi aliiweka chupa yake mfukoni.

Mlango ulifunguka kidogo. Hatukumwona, tulimsikia tu, na haikuwa sauti ya msimulizi, ilikuwa ile yake ndogo.

"Kesho," alisema. "Njooni kesho alasiri. Nitawaambia."

Waliondoka mmoja mmoja. Mume wangu aliingia ndani, akakaa, akasimama, akakaa. "Umesikia sauti yake?" akaniuliza. "Huyo mtu ana jambo." Nilisema labda. Nilikuwa na maneno yote ulimini, mepesi kabisa, ni mtoto wako, baba, umekuwa ukimgombania mtoto wako mwenyewe. Lakini nilipomtazama alivyokunja uso, nikaogopa atanicheka, na nikaogopa zaidi kwamba hatacheka. Miaka mitatu ni mingi kumficha mtu kitu kidogo. Kitu chenyewe kinakua.

Jumamosi alikwenda zamu ya asubuhi. Alisema akitoka atapitiliza ukumbini, nisimsubiri na chakula.

Niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Chiriku alikuwa sakafuni, peku, anaimba wimbo wake wa kujitungia, wenye maneno mawili tu, kijiko na mjomba. Upande wa pili sikusikia nyayo. Sikusikia ngaa. Mtu akizoea kelele, zikikatika anaanza kuzitafuta. Nilisogeza sikio ukutani, na ndipo niliposikia pakigongwa mara tatu, polepole, kama zamani.

Mkono wangu ulishamfikia mtoto kabla sijafikiri, nimtoe nje, bombani, maana Bwana Sauti anaanza kurekodi. Kisha nikaelewa kwamba aliyegonga hakugonga ukuta. Aligonga mlango.

Alikuwa amenyoa. Kifungo cha juu kimefungwa. Alisimama hatua moja nje ya kizingiti, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Karibu ndani," nikamwambia.

"Hapa panatosha, Mama Chiriku."

Chiriku alikuja akasimama nyuma ya sketi yangu, akachungulia. Nilimshika bega. Nadhani nilimshika kwa nguvu, maana alijipinda.

"Sikuja kuomba alie," Bwana Sauti alisema.

Mkono wangu ulilegea.

"Leo nitaisimamisha filamu pale Mama Pango anapotoka," akaendelea. "Niwashe taa. Niwaambie kilio kilikuwa cha mtoto wa nyuma ya ukuta, na mimi ndiye niliyempeleka pangoni bila ruhusa ya mtu. Mwenye Ukumbi akitaka kipaza sauti chake, atakichukua palepale, nitakuwa nimekifunga waya vizuri."

"Watakuzomea."

"Watazomea. Nimeshazomewa na panya." Hakutabasamu. "Lakini nimewaza usiku kucha. Nikisema hivyo nikakaa, yule dada wa cherehani atakachosikia ni kwamba hapakuwa na mtoto. Na huo utakuwa uongo wa pili. Mtoto alikuwepo."

Nje, Mama Redio alikuwa amefungua dirisha lake. Nilisikia bawaba.

"Baba yake atakuwepo," nilisema. "Hajui."

"Najua atakuwepo. Hukaa benchi la tatu, upande wa feni."

Nilimtazama Chiriku. Alikuwa ameshika kijiko chake, ana uji kavu kidevuni, anamkodolea macho mtu mrefu ambaye ameishi naye maisha yake yote na hajawahi kumwona karibu hivi. Bwana Sauti alichuchumaa. Magoti yake yalilia, naye akayashika, yote mawili, kama anayeyatuliza.

"Naomba umlete," aliniambia kutoka kule chini, kwa ile sauti yake ndogo. "Ukae naye mlangoni pa ukumbi. Nikishamaliza kusema, nitakutazama, na wewe umwachie tu, aje mwenyewe, apite katikati ya mabenchi mpaka nilipo. Haina haja aseme neno." Akaitazama miguu ya mwanangu, iliyokuwa mitupu, na vidole vimekunjwa kwa aibu. "Na naomba umvalishe viatu, Mama Chiriku. Sakafu ile ni ya saruji. Nataka wamsikie anavyokuja."